Penseli Nyuma ya Kadi ya Kipa

Nianze kwa kusema kaka yangu si tapeli. Nalisema hili mapema kwa sababu yapo maneno yamesemwa mtaani, na baadhi ya wasemaji wana magauni yao kwangu tangu mwaka jana, hawajaja kuyachukua, lakini midomo wanayo. Kaka yangu ni mpiga picha za pasipoti. Ana chumba kando ya barabara. Nusu moja ina pazia jeupe, kiti cha kuzunguka, mashine ya kutoa nakala na ile ya kubana vitambulisho kwenye plastiki. Nusu ya pili ni yangu mimi mdogo wake: cherehani, meza ya kukatia na kioo cha wateja. Tumegawana kodi na feni miaka kumi na tisa. Feni inamwelekea yeye.

Mtaani wanamwita Glovu. Ukiingia bila habari unamkuta mwanaume mzima, mvi kichwani, amevaa glovu nyeupe za pamba, ameshika kadi kwa ncha za vidole na anapumulia pembeni asije akaitia unyevu. Mama mmoja aliwahi kugeuza pale mlangoni akidhani ameingia kwa daktari wa meno. Nilicheka mpaka sindano ikanichoma.

Kadi zenyewe ni picha za wachezaji wa mpira, ndogo, zinaenea kiganjani. Tulipokuwa watoto zilikuja ndani ya pakiti za chingamu. Sisi wenye akili timamu tulitafuna chingamu, kadi tukazichezea mchangani zikaisha. Leo watu wazima, wenye wake na watoto, wanazinunua kwa bei ya pikipiki. Mwanzoni nilidhani kaka ananitania.

Kwenye biashara hiyo kuna makundi mawili, nayo nimeyasikia mpaka masikio yakaota sugu. Kundi la kwanza ni la kadi moja moja zilizopimwa. Kadi yako inapelekwa kwenye kampuni ng'ambo, huko wanaimulika, wanakagua kona na kingo, wanaipa daraja kati ya moja na kumi, halafu wanaifungia ndani ya plastiki ngumu. Unanunua unachokiona. Kundi la pili ni la maboksi ambayo hayajafunguliwa tangu yatoke kiwandani. Humo ndani huenda mna kadi ya maana, huenda mna takataka tupu, na kadiri miaka inavyokwenda bei inapanda kwa ajili ya hiyo huenda. Kaka alikuwa wa maboksi, damu damu.

"Boksi ukilifungua umeliua," alikuwa akiniambia.

"Na usipolifungua unakula nini? Karatasi ya nje?"

"Wewe shona."

Maboksi yake yalikuwa sita. Aliyapata kwa mwenye duka mmoja mzee aliyekuwa anafunga biashara na kufagia stoo. Matano yalikuwa mazima, plastiki yake inang'aa. La sita panya alikuwa amelila kona, kwa hiyo kwa hesabu za wakubwa lilikuwa halina thamani. Hilo akampa mtoto wake.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, yeye na wifi yangu. Binti. Tulimwita Mwalimu, maana alisahihisha kila kitu kilichopita mbele yake. Chai ya mama yake ilipata tisa, moja akaikata kwa sababu ilimuunguza ulimi. Kaka akiimba alipata mbili, na hizo mbili ni za huruma. Siku moja alishika gauni nililolimaliza kwa mbinde, akaligeuza, akaniambia, "Shangazi, sita juu ya kumi. Pindo limekwenda upande." Nilimfukuza. Alipotoka nikapima. Pindo lilikuwa limekwenda upande.

Kila Jumamosi alikuja dukani, akapanda juu ya meza yangu ya kukatia, akafungua pakiti moja ya lile boksi la panya. Moja tu kwa wiki. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya baba yake. Kila kadi aliipa maksi zake nyuma, kwa penseli. Wengi aliwafelisha, na wote, waliofaulu na waliofeli, akawagawia wenzake shuleni. Katika pakiti mojawapo ndipo akatokea Kipa, amenyooka hewani, mpira uko kwenye vidole. Kadi za kipa huyo zilichapishwa chache mno, maana alihama timu katikati ya msimu na kiwanda kikaacha kumchapa. Kaka alipoiona alikaa chini. Kuanzia siku hiyo iliingia kwenye droo yake ya kufuli, na sisi hatukuiona tena.

Mwalimu alikufa akiwa na miaka kumi. Homa ya uti wa mgongo. Jumatatu alirudi kutoka shule analalamika shingo, Alhamisi tukazika. Sina la kuongeza hapo, na hata ningekuwa nalo nisingeweza.

Siku ya tano baada ya maziko, wifi alikusanya madaftari yote ya mtoto, akayafunga kwa kamba na kumpa mnunuzi wa karatasi chakavu aliyekuwa akipita na mkokoteni. Alisema hawezi kuyatazama. Hakuna aliyemzuia; unamzuiaje mtu aliye katika hali ile? Baada ya mwezi akatoka mbio barabarani, kichwa wazi, kumtafuta yule mtu. Hakumpata.

Karatasi za aina ile huishia kwa wauza karanga; wanazikunja pembe, wanafungia humo. Basi wifi yangu akaanza kununua karanga. Kituoni, sokoni, nje ya hospitali, popote alipoona sinia. Anarudi nyumbani, anazimwaga kwenye bakuli, ananyoosha karatasi na kuisoma pande zote mbili. Hesabu za watoto wa wenzake. Barua za kazi. Mara moja alikuta imla iliyosahihishwa kwa kalamu nyekundu, akaikumbatia, halafu akaona jina juu si lenyewe. Karanga tulikula sisi wengine hadi tukazichukia. Yeye hakuonja hata moja. Alifanya hivyo mwaka mzima na miezi.

Na muda wote huo, jamani, kaka yangu alikuwa na mwandiko wa mtoto kwenye droo.

Mimi sikujua. Nililijua miaka kumi na miwili baadaye, pale nyonga ya wifi ilipoharibika kabisa. Mwanamke aliyekuwa akitembea hadi sokoni na kurudi na mzigo kichwani, sasa akitoka kitandani hadi chooni anatokwa jasho. Daktari akasema nyonga ibadilishwe, na alipotaja gharama kaka aliomba ataje tena. Maboksi manne yalikuwa yameshauzwa kwa miaka tofauti, kodi ikipanda, mashine zikifa. Limebaki moja. Kaka akaita mnunuzi.

Alikuja kijana mmoja nadhifu, ana tochi ndogo na lenzi. Akaligeuza lile boksi kwa heshima zote, akanusa plastiki, akagusa mshono. Kisha akainua macho, akaiona ile mashine ya vitambulisho.

"Mzee, hiyo inabana plastiki?"

"Inabana," kaka akasema. Hakuona kinachokuja.

"Basi."

"Basi nini?"

Yule kijana akamweleza kwa upole. Siku hizi kuna watu wanafungua maboksi, wanatoa kadi nzuri, wanarudisha mbaya na kuyafunga upya kwa moto, hujui kitu. Yeye hasemi kwamba mzee ni mmoja wao. Lakini akimwambia mteja wake kwamba boksi limetoka kwa mwenye mashine ya plastiki, nani atalinunua? "Labda ulifungue hapa mbele yangu, tuone pakiti zina gundi yake ya kiwandani."

"Nikilifungua si boksi tena!"

"Ndiyo hapo sasa, mzee."

Miaka yote hakuthubutu hata kulipangusa vumbi kwa nguvu, na leo anaonekana mhalifu kwa sababu ya kazi inayomlisha. Nilimwonea huruma, sikumtania hata kidogo. Ndipo alipofungua droo akamwonyesha Kipa. Upande wa mbele tu; hakuitoa kwenye mfuko wake. Yule kijana alishusha pumzi. Akasema hiyo ikienda kupimwa na ikarudi na nane, yeye mwenyewe atailipia nyonga na chenji ibaki. "Ila isiwe na doa wala maandishi, mzee. Ikiandikwa imekwisha, robo ya bei hupati."

Kesho yake mchana kaka alikuja upande wangu, jambo ambalo hulifanya akitaka kugeuza feni. Akailaza kadi mezani kifudifudi.

"Wewe unafutaje penseli kwenye kitambaa cheupe?"

"Kwa mkate. Ile laini ya ndani. Kifutio kinapaka, mkate unabeba."

"Nifutie hii."

Nikavaa miwani. Kumi juu ya kumi. Chini yake, Vizuri sana. Na alama ya vema, ndefu, mkia wake umetoka nje ya mstari.

"Hii si ya Mwalimu?"

"Ni yake."

"Wifi anaijua?"

"Hapana." Akageuka, akalitazama pazia lake jeupe. "Futa."

"Basi ipige picha kwanza! Wewe unapiga nyuso hamsini kwa siku, leo unashindwa kupiga kadi?"

"Picha hukaa. Siku moja mtu ataiona, atasema nilijua kuna maandishi nikayafuta, na kwa wenzangu huo ni utapeli. Ninayo kichwani. Kila herufi ninayo. Futa, mdogo wangu, mke wangu hatembei."

Mimi nina mdomo, kila mtu anajua. Nimegombana na mwenye nyumba, na mgambo, na maharusi kwa mama zao. Siku ile mdomo wangu ulikwenda wapi? Nilivunja mkate nikaanza na ile alama ya vema, nikafuata maneno, nikamalizia kumi. Ilichukua muda wa kupiga pindo moja. Chembe za mkate ziligeuka kijivu, nikazikung'uta mlangoni, na kuku wa jirani wakazidonoa zote. Kadi ikawa nyeupe, safi. Nilijisifu moyoni kwa kazi nzuri. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilijisifu.

Ilikwenda ng'ambo kupitia kwa wakala, mtu anayekusanya kadi za watu na kuzituma pamoja. Miezi mitatu. Iliporudi, wakala hakuileta dukani. Aliipeleka nyumbani, kwa anwani iliyokuwa kwenye fomu. Wifi akaipokea. Ndani ya bahasha mlikuwa na kadi, imerudi bila plastiki yao, na kikaratasi wakala alichokitafsiri kwa mkono wake: Haikupewa daraja. Maandishi ya penseli yamefutwa upande wa nyuma.

Tulimwona akija. Kutoka nyumbani hadi dukani ni mwendo wa dakika tano kwa mtu mwenye miguu mizima. Yeye alikuja kwa fimbo, anasimama kila nguzo. Nilikwenda kumshika mkono akaukataa. Kwenye kiti cha kuzunguka alikuwapo mteja, bwana mmoja wa tai, kidevu juu, anasubiri apigwe picha. Wifi akakiweka kikaratasi juu ya meza yangu.

"Wanasema kulikuwa na maandishi. Maandishi ya nani?"

Kaka akavua glovu, moja, na ya pili.

"Nakuuliza, baba. Ya nani?"

"Ya mtoto."

Yule bwana wa tai hakushusha kidevu. Maskini, hakujua aende wapi. Wifi alivuta kiti changu akakaa, mguu mbovu ameunyoosha mbele.

"Aliandika nini?"

"Kumi juu ya kumi. Vizuri sana."

"Ulikuwa nayo tangu lini?"

"Tangu alipoandika."

Kisha akasema, taratibu kabisa, "Nilinunua karanga mwaka mzima."

"Najua."

"Ulizila."

"Nilizila."

Ningependa kusema kaka alijitetea. Hakujitetea, alisema tu yote, amesimama pale kama anayepigwa picha. Kwamba siku mtoto alipoiandika ile kadi, mimi nimetoka kununua uzi, yeye alimfokea. Alimwambia ameiharibu, kadi ya maisha, hana akili. Mtoto akalia, akasema, "Baba, mbona nimempa kumi?" Hakumbembeleza. Aliifungia kadi kwenye droo na akamkatia pakiti za Jumamosi ili ajifunze. Adhabu ilikuwa ya miezi miwili. Mwalimu hakuimaliza, alikufa wiki ya sita.

"Nilikuona na karanga zako," alisema. "Kila siku nilisema kesho nitamwonyesha. Halafu nikafikiri, nikimwonyesha ataniuliza mtoto alisema nini alipoiandika. Mwaka ukapita. Na ukishapita mwaka unaanzaje?"

"Na nani aliyefuta?"

Niliinua mkono kama mtoto wa shule. Wifi alinitazama, na ningefurahi mno kama angenitukana. Alinitazama vile unavyomtazama mtu ambaye ulidhani unamfahamu, akachukua fimbo yake, akaondoka nguzo kwa nguzo. Kaka alimfuata nyuma mpaka nyumbani, hatua chache nyuma yake. Mimi nikampiga yule bwana picha. Ilitoka imepinda, hakulalamika.

Boksi la mwisho kaka aliliuza wiki hiyo hiyo, kwa yule kijana, kwa bei ya kutupa. Alilichana mwenyewe kwa wembe wangu pale mezani. Pakiti zote zilikuwa na gundi ya kiwandani. Kijana akasema, "Kumbe ulikuwa mkweli, mzee," lakini bei walikuwa wameshapatana. Kufidia kilichopungua, kaka aliuza mashine ya kutoa nakala. Nyonga ikabadilishwa. Kwa hiyo ukiniuliza mkate wangu ulisaidia nini, nitakujibu: haukusaidia kitu. Tungeanza na boksi tangu mwanzo. Kaka alikuwa anangojea bei, na mimi nilikuwa namsikiliza.

Wifi hakumsusia mumewe. Alimpikia, alimjibu, alimuuliza habari za kazi. Mimi alinipokea kila nilipokwenda kumkanda mguu. Ila lile jambo hakuligusa, nasi hatukuligusa, mpaka jioni moja yapata mwezi baada ya operesheni. Nilimpelekea gauni lililopanuliwa kiunoni. Kaka alikuwa mezani anakula. Wifi akainuka, akatembea bila fimbo hadi kabatini, hatua nane, nilizihesabu kwa furaha. Akarudi na daftari jipya la mistari na penseli, akaviweka mbele ya mumewe, akaisogeza sahani kando.

"Niandikie kama alivyoandika."

Kaka akanawa mikono, akaikausha kwenye shati. Akashika penseli kwa ile heshima yake ya kushikia kadi, akaandika. Moja yenye kikofia na kiatu. Sifuri. Mstari, kumi nyingine. Vizuri sana. Alama ya vema yenye mkia. Akamgeuzia daftari.

Wifi alisogea kwenye taa. Alikaa nalo muda mrefu.

"Huu ni mwandiko wako," akasema.

"Ngoja." Akaandika tena, chini yake, herufi kubwa zaidi. "Hivi."

"Huu pia ni wako."

Akaandika ya tatu, ya nne. Alikuwa anakaza penseli mpaka karatasi inatoboka. Kila akimaliza anaitazama, anatikisa kichwa kabla hata mkewe hajasema. Katika ile ya tano alifika katikati ya sifuri na mkono ukasimama hewani. Nilimwona usoni. Kile alichosema anacho kichwani kilikuwa kimefunikwa na hizi nne alizoandika yeye, na hakioni tena.

Akanigeukia mimi. "Sifuri yake alikuwa akiifungia juu au chini?"

Wifi naye akanigeukia. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kuuona mwandiko ule, kwa miwani, kwa karibu, chembe kwa chembe, nao ulipita chini ya vidole hivi. Nilikuwa nikiangalia kama unatoka vizuri.

"Juu," nikasema.

Nilibahatisha tu. Wifi akashika penseli, akaanza kuandika sifuri zinazofungwa juu, moja baada ya nyingine.